Mnaosema wanawake wameingia kwenye muziki wetu juzi, hebu kaeni hapa tuongee

BintiNgamiani (mtoa mada)

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Jana kwenye uzi mwingine watu walikuwa wanabishana nani alifungua njia kwa wanawake kwenye muziki wetu, wengi wakasema Lady Jaydee, wengine Ray C, mmoja akasema Zuchu. Nikaweka simu chini nikaenda kuosha vyombo maana ningejibu kwa hasira. Jide namheshimu sana, Machozi nilikuwa nayo kaseti na niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Lakini kusema yeye ndiye mwanzo ni kama kusema maji yanatoka bombani. Kuna mto huko juu jamani.

Mi nimekulia Tanga mjini, Ngamiani, kwa bibi mzaa mama. Kwenye nyumba ile redio ilikuwa ya babu ila kaseti zilikuwa za bibi, na hakuna aliyezigusa bila ruhusa. Kwa hiyo ninayoandika hapa mengine nimesoma, mengine nimekaa nayo sebuleni.

Nianzie Fumba, Unguja. Mwaka 1880 hivi kazaliwa mtoto wa kike, akapewa jina Mtumwa. Jina lenyewe linakwambia anatoka ukoo gani. Wazazi wake walikuwa watu wa chini kabisa, kazi yao ufinyanzi na kilimo, na yeye akajifunza kufinyanga vyungu, anavibeba kichwani anaingia navyo mjini kuvitembeza. Shule hakusoma. Alichokuwa nacho ni sauti, anapita mitaani anaimba watu wanajua mwenye vyungu kafika. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja na huko ndiko akapata jina la Siti. Siti binti Saad.

Sasa muelewe taarab ya wakati ule ilikuwaje. Ilikuwa ya kasri la Sultani na ya mabwana, inaimbwa kwa Kiarabu, wanaume wamekaa na udi na kanuni zao, zile ala za nyuzi. Nadi Ikhwan Safaa, kile kikundi kikongwe cha Unguja, kilianzishwa 1905 na kilikuwa cha wanaume. Anatokea mwanamke mweusi wa shamba, mtoto wa watumwa, anafundishwa kuimba na udi na mtu wa humo humo Ikhwan Safaa, anakaa na wenzake wanaume kina Maalim Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruk, halafu anaiimba taarab kwa Kiswahili. Lugha ya sokoni na jikoni. Yaani mpishi wa kule kasri akawa anaelewa kinachoimbwa sebuleni kwa bwana wake!

Walimsema sana. Walimtungia wimbo wakimuuliza amekuwa mtu lini huyu, kaja mjini na kaniki, kama si sauti angekula nini. Kwa wasiojua, kaniki ni ile nguo nyeusi ya kazi, nguo ya watumwa na wanawake maskini, ndiyo maana utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897 wanawake wengi waliona raha kuivua na kuvaa kanga zenye rangi. Kumtajia mtu kaniki yake ni kumrudisha utumwani mbele za watu. Siti akawajibu kwa wimbo pia, akawaambia sura nzuri sio hoja, wala utukufu na ukoo mkubwa, hasara ya mtu ni kukosa akili. Kamaliza. Hakutukana hata neno moja, na mpaka leo watu wanakumbuka jibu lake ila waliomsema hakuna anayewajua hata kwa jina.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ikamchukua yeye na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi. Siti hakuwa na mwanamke wa ukanda huu wa kumuuliza santuri inarekodiwaje maana hapakuwa na aliyetangulia. Santuri zikarudi, zikaenda bara, Mombasa, visiwani, watu waliokuwa wanacheza santuri za Misri na India kwenye gramafoni zao sasa wanasikia Kiswahili kinatoka mle ndani. Hebu fikiria una miaka yako hamsini hujawahi kusikia lugha yako ikitoka kwenye mashine, halafu mara ya kwanza ni sauti ya mwanamke wa Fumba.

Kuna wimbo wake mmoja, Kijiti, bibi alikuwa hapendi tuusikilize tukiwa wadogo, baadaye ndio nikajua kwa nini. Ni kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar, mjamzito, kafika Unguja, yule Kijiti akamlaghai akamtendea unyama akamuua, kisha akatoroka akavuka bahari. Wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu wakaenda mahakamani kutoa ushahidi, wakafungwa wao, kwa kosa la kununua pombe. Muuaji yuko huru, mashahidi ndani. Siti akaliimba lote lile na watu wakaliimba mtaani. Gazeti gani la wakati ule lingeandika hivyo? Ndiyo maana TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, walipoanzisha jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Walijua wanachofanya.

Alifariki Julai 1950. Na aliyemwandikia wasifu ni Shaaban Robert, mtu wetu wa huku Tanga, alimfuata akamhoji kabla hajafa. Tuna bahati sana alifanya hivyo.

Nakula kwanza, ntaendelea.

Kisiki

Dada umeandika vizuri, hongera. Lakini hapo hapo Siti akaja kuharibiwa kazi yake na hawa wa mipasho. Taarab ilikuwa mafumbo, mtu unasikiliza wiki nzima ndio unaelewa. Sasa hivi ni matusi na kukata viuno tu. Wanawake wenyewe ndio wameua taarab.

mama_wawili

Kisiki mbona wanaume nao wanaimba mipasho na hujawataja? Ngoja mtoa mada arudi.

BintiNgamiani

Kisiki nakujibu vizuri kabisa kaka yangu maana hii hoja naisikia kila siku.

Kwanza mpasho haujaanza na vinanda vya umeme. Pwani yetu yote tangu Lamu mpaka huku kusini, wanawake walikuwa na vyama vyao vya ngoma, lelemama na nyinginezo, na vyama vilikuwa vinashindana. Kushindana kwenyewe ni kwa nguo, kwa vyakula na kwa nyimbo. Chama hiki kikitunga wimbo wa kukigusa kile, kile kinakaa kinatunga jibu. Unguja miaka ya 40 na 50 vilikuwepo vikundi vya taarab vya wanawake watupu, vingine vilijiita Royal Navy na Royal Air Force, majina ya jeshi la mwingereza kabisa, na vilikuwa vinarushiana maneno usipime. Hao ni bibi zetu tunaosema walikuwa na staha. Staha walikuwa nayo, na maneno pia walikuwa nayo.

Pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana nililiona kwa macho. Nikiwa darasa la tatu au la nne hivi, kulikuwa na harusi mtaani kwetu, kikundi cha taarab kimekaa chini ya turubai, sisi watoto tumejipenyeza mbele kwenye mkeka. Mama yangu alikuwa amekaa kimya muda wote. Ukaingia wimbo fulani, ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, ulipofika wa tatu mama akasimama. Kavaa doti mpya ya kanga, anatembea taratibu sana, hatua moja anasimama, anazungusha mkono, hatua nyingine. Noti ameishika kwa vidole viwili juu hivi kila mtu aione. Hakumtazama mtu yeyote. Alipofika kwa mwimbaji yule mama alikuwa ameshajua, akaurudia mstari ule ule mara tatu huku mama amesimama mbele yake anatingisha bega, ndipo akamwekea noti mkononi na kurudi kukaa. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Dakika chache baadaye nikamwona shangazi, wifi yake mama, anachukua mkoba wake anaondoka. Nilimuuliza mama usiku ule kuna nini, akaniambia lala.

Sasa nani alikuwa anaimba pale? Mwimbaji alikuwa na maneno, mama ndiye aliyeyatuma, na wimbo wenyewe labda uliandikwa na mwanaume asiyemjua mama wala shangazi. Ndio taarab hiyo. Anayetunza anaufanya wimbo unakuwa wake kwa dakika mbili. Mwanamke ambaye kikaoni haruhusiwi kusema, anasema pale, na hakuna wa kumshitaki maana kafanya nini? Katoa noti tu.

Kwa hiyo ukiniambia mipasho imeharibu taarab nakwambia nyimbo mbaya zipo, za kizembe zipo nyingi tena, lakini kazi ambayo mpasho unaifanya ni ya siku nyingi na ni ya maana.

Kisiki

Sawa nimekuelewa kwenye hilo la kutunza. Bado naona mashairi yameshuka.

BintiNgamiani

Hapo tuko pamoja.

Fundi Spika

Mimi nilikuwa nafunga spika kwenye kumbi za Dar tangu 1984, dansi na taarab zote. Nataka niongezee upande wa dansi kwa sababu hapo hali ilikuwa tofauti sana. Kwenye taarab mwanamke alikuwa anakaa kwenye kiti kama malkia, watu wanamfuata na hela. Kwenye dansi mwanamke akishika maiki watu wanauliza huyu ni mke wa nani. Bendi ina watu kumi na tano, mwanamke mmoja au hakuna kabisa. Kida Waziri alipokuwa Vijana Jazz na marehemu Hemedi Maneti alikuwa anaimba vizuri watu wanaacha bia zao mezani, lakini nawaambia ukweli, maneno waliyokuwa wanasemwa hawa dada zetu mlangoni wakati wa kutoka saa tisa usiku yalikuwa mabaya. Wazazi wengi waliwakataza mabinti zao wenye vipaji na sisi mafundi tulikuwa tunawafahamu, msichana anakuja mazoezini mara mbili anaimba mpaka unasisimka, ya tatu hujamwona. Hao hawapo kwenye historia yoyote.

BintiNgamiani

Mzee wangu shikamoo. Hiyo sentensi yako ya mwisho imeniuma.

Fundi Spika

Marahaba mwanangu. Endelea.

LushiYetu

Mimi niko Lubumbashi. Msisahau upande wetu wa Congo, Tshala Muana alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1958, akaipeleka mutuashi, ile ngoma ya Kasai, dunia nzima, akafariki Desemba 2022 na watu walilia sana huku. Na M'Pongo Love ambaye polio ilimshika mtoto na bado akasimama jukwaani, alikufa mapema mno, 1990. Na Abeti Masikini aliimba Olympia, Paris, mwaka 1973, wakati ule wanamuziki wa kiume wengi wa kwetu walikuwa hata ndoto hiyo hawana.

Fundi Spika

Mbilia Bel umemwacha! Alivyokuja na Tabu Ley miaka ya 80 Nairobi na Dar zilisimama. Nakei Nairobi ilikuwa inapigwa kila baa niliyofunga spika.

BintiNgamiani

Asante sana LushiYetu. M'Pongo Love mama alikuwa na kaseti yake, Kilingala hajui neno hata moja na aliimba yote.

Haya, naendelea na sehemu ya pili. Kuna mtu kaniandikia inboksi kwamba yote haya ni burudani tu, mambo ya harusi, hayajabadilisha kitu nchini. Ndugu yangu, Bibi Titi Mohamed unamjua? Unamjua kama mwanasiasa, mama wa TANU. Je unajua kabla ya TANU alikuwa nani? Alikuwa mwimbaji. Kiongozi wa nyimbo kwenye kikundi cha ngoma hapo Dar kinaitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU walipotaka kuwapata wanawake wakampata yeye, na yeye hakuanza kwa mikutano ya hadhara, alianza kwa kwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake mjini, kikundi baada ya kikundi. Kila kikundi kina kiongozi, kina michango, kina sare, kina utaratibu wa kuitana, habari ikitoka asubuhi jioni imefika Kariakoo, Ilala na Temeke. Ndani ya miezi michache wanawake walikuwa wanaingia chamani kwa maelfu, wakati wanaume waajiriwa wa serikali wamekatazwa kujiunga wanaogopa vibarua vyao. Kwa hiyo ukisema uhuru ulidaiwa na wasomi wa Makerere sawa, ila mtandao uliobeba ile habari nyumba kwa nyumba ulikuwa umeshajengwa na wanawake waliokuwa wanakutana kuimba na kucheza.

Na sauti yake! Wazee waliomsikia wanakwambia alikuwa haitaji kipaza sauti. Mtu aliyezoea kuimbisha ngoma uwanjani ukimpa mkutano wa siasa unadhani atashindwa?

Sasa turudi Tanga kidogo, mnivumilie maana ni kwetu. Miaka ya 60 na 70 Tanga tuliibadilisha taarab. Unguja walikuwa na orkestra kubwa, fidla, kanuni, akodiani, watu wengi wamekaa mistari. Black Star ya Tanga wakaja na gitaa, besi na ngoma, kikundi kidogo, wimbo mfupi wenye kuchezeka, na katikati yake Shakila Said, binti wa Pangani. Baadaye kukawa na Lucky Star naye akawa huko. Macho Yanacheka nadhani hakuna mtu wa pwani wa umri wangu asiyeijua, macho yanacheka huku moyo unalia. Bibi alikuwa akiiweka hiyo anaacha anachofanya, anakaa kwenye kigoda, kanga anaivuta mdomoni hivi, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anainuka anaendelea kuchambua mchele. Hakuwahi kusema kwa nini. Bi Shakila alifariki Agosti 2016.

Ule mtindo wa Tanga ukavuka mpaka ukaingia Mombasa, na kule walikuwepo Zuhura Swaleh na Malika. Zuhura aliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya ndani, akaiingiza kwenye taarab mbele za watu. Malika na Vidonge yake miaka ya 90 mnaikumbuka, kila daladala, kila harusi, mpaka ikawa msemo.

Na Bi Kidude. Huyu ningeweza kumwandikia uzi wake peke yake. Fatuma binti Baraka, jina la Kidude alipewa kwa sababu alizaliwa kadogo mno. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akiwa msichana akaikimbia ndoa asiyoitaka, akatembea bara na kikundi cha taarab, akarudi Unguja akawa kungwi, anawacheza wari unyago na ngoma ameibana katikati ya mapaja anaipiga mwenyewe. Hilo ndilo watu wanalisahau, Ulaya wanamjua mwimbaji wa Muhogo wa Jang'ombe anayevuta sigara, ila wanawake wa Unguja wanamjua kama mwalimu wao. Mabinti wangapi walifundishwa habari za miili yao na yule bibi kwa nyimbo? Dunia ilikuja kumwona akiwa bibi kizee tayari, tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, alipewa 2005, na Sauti za Busara ilipoanza 2004 akawa kama mwenyeji wa tamasha. Alifariki Aprili 17, 2013, umri wake kamili alikuwa haujui mwenyewe, watu wanakadiria miaka mia. Nilimwona Ngome Kongwe mara moja, alipanda jukwaani anashikiliwa mkono, alipoanza kuimba yule aliyemshika akasogea pembeni mwenyewe.

Kyamuhanga

Dada na sisi wa Kagera tutajie Saida Karoli. Mwaka ule Maria Salome inatoka nilikuwa nasafiri na MV Victoria kutoka Bukoba kwenda Mwanza, usiku kucha deki ya chini kaseti moja tu inageuzwa upande huu na upande huu na abiria hawachoki. Watu wa makabila yote wanaimba Kihaya bila kujua maana yake. Alituondolea aibu ya kuongea Kihaya mbele ya watu wa Dar, nasema kweli. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakatoa Salome yao juu ya wimbo ule ule na watoto wakadhani ni mpya.

mama_wawili

Mimi nilikuwa nadhani ni mpya.

BintiNgamiani

Kyamuhanga umesema kitu kizito sana, kwamba mtu anaweza kuimba akakuondolea aibu ya lugha yako. Ndicho alichofanya Siti kwa Kiswahili. Na hapo ndipo penye hoja yangu yenyewe wakuu.

Ukiangalia miaka yote hii sauti imekuwa ya mwanamke. Santuri ni sauti yake, redioni sauti yake, harusini sauti yake. Lakini nyuma ya sauti ukiangalia aliyeshika kalamu, aliyeshika udi, aliyeshika mkataba na aliyeshika ufunguo wa ofisi ya kikundi, mara nyingi sana ni mwanaume. Angalia picha yoyote ya orkestra ya zamani, nyuma wanaume na fidla zao, mbele akina mama wa kuitikia wamevaa sare. Siti mwenyewe alijifunza udi lakini nani leo anamkumbuka kama mpigaji? Miaka ya 90 vikundi vya taarab vya TOT na Muungano vilipokuwa vinagombea mashabiki, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, watu walikuwa wanakwenda kwa ajili ya wale wanawake wawili, kabisa. Ila mabosi waliokuwa wanatajwa magazetini walikuwa kina Komba na Chenga. Siwalaumu, walifanya kazi kubwa na Komba ni marehemu, nasema tu nani aliyekuwa anavuta watu na nani aliyekuwa anamiliki.

Na kwa nyimbo zilizorekodiwa redioni zamani, mtu anaingia studio anaimba, wimbo unapigwa miaka thelathini, nyumbani kwake hajui hata nakala iko wapi. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikaja na sheria hiyo. Hesabu wangapi walikuwa wameshaimba na kuzeeka kabla ya hapo.

Kinachonipa raha ni kwamba sasa kalamu na ala zinashikwa. Pale Unguja bi Maryam Hamdani alianzisha Tausi kama mwaka 2009, kikundi cha wanawake watupu na ala wanapiga wenyewe, fidla, kanuni, udi, ngoma, wote wanawake. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, tangu 2002 kinafundisha mabinti kanuni na udi bila kuwauliza baba zao ni nani mjini. Humo akatoka Siti Amina anayeimba udi uko mikononi mwake, na Siti and the Band yao, na Rahma Ameir kwenye fidla. Halafu kuna Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad kabisa kabisa, 2020 alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni Mwenge, nililia kwenye gari.

Na Zuchu mliyenikasirisha naye, huyu ni mtoto wa Khadija Kopa. Alisainiwa Wasafi 2020 na mapema kabisa akamweka mama yake kwenye wimbo. Ukimsikiliza anavyobana pua mwisho wa mstari, anavyolitupa neno kisha analiacha lining'inie, hiyo haikutoka Nigeria. Imetoka sebuleni kwao. Kwa hiyo mnaosema yeye kafungua njia mnamdhulumu yeye mwenyewe, mnamkata kwenye ukoo wake.

Chumbageni

Kaseti za bibi ziko wapi dada? Mtaani kwetu ukitafuta Lucky Star za zamani huzipati kabisa.

BintiNgamiani

Hili sikutaka kuliandika. Bibi alipofariki tulikuta kaseti thelathini na kitu kwenye sanduku la bati, kila moja kaiandika kwa kalamu ya wino, nyingine kazirekodi mwenyewe harusini na redio kaseti, unasikia vigelegele na watoto na mtu anaita nani kaacha birika jikoni. Nikazipeleka kwa fundi mmoja anihamishie kwenye fleshi. Alinirudishia baada ya miezi miwili fleshi ina nyimbo kumi na moja, tena ambazo ziko YouTube, na kaseti akasema zimeliwa na unyevu akazitupa. Za harusini zote zimepotea. Sauti ya bibi mwenyewe ilikuwa humo, anaitikia.

Wenye kaseti nawaomba msipeleke zote kwa mara moja. Peleka moja, isikilize, ndio upeleke nyingine. Na mkae naye pale pale.

Fundi Spika

Pole sana mwanangu. Redio kaseti mbili ninazo nzima na nyaya za kuunganisha kwenye kompyuta. Yeyote wa Dar mwenye kaseti za taarab aje tukae pamoja, sitaki hela.

mama_wawili

Mzee Mungu akuzidishie. Mimi mama mkwe anazo za Muungano, ntakutafuta.

BintiNgamiani lakini hujatuambia, mama yako alimtunzia nini yule shangazi? Nimekaa na hilo swali tangu asubuhi.

BintiNgamiani

Jamani hata mi nilikuwa sijui. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza tena. Nimempigia sasa hivi kwa ajili yenu.

Kanyamaza kwanza, akacheka. Anasema shangazi alikuwa ameazima cherehani yake akamaliza nayo miezi minane, kila akiitaka anaambiwa kesho, na mama alikuwa anashonea watu nguo za shule ndio hela yetu ya mboga. Kumwambia baba angegombana na dada yake, kwenda kuidai mwenyewe angeitwa mchoyo ukweni. Basi akasubiri harusi. Ubeti ule ulikuwa unasema habari za mtu anayekula kwa mkono wa mwenzie.

Nikamuuliza kisha ikawaje. Anasema baada ya siku tatu alimwona mtoto wa shangazi anaikokota cherehani kwenye toroli ya maji, imefutwa vumbi na imetiwa mafuta.